Ugonjwa uliogeuka kiungo: kisa cha amiba wa Kwang Jeon na swali la seli zetu zilivyoanza

Mwaka 1966, chuo kikuu cha jimbo la New York pale Buffalo, Marekani, amiba walianza kufa. Sio mmoja wawili, walikuwa wanakufa chombo baada ya chombo. Aliyekuwa anawafuga ni Kwang Jeon, mwanabiolojia mzaliwa wa Korea, na amiba wenyewe ni wale wakubwa wanaoitwa Amoeba proteus, yule ambae karibu kila aliyesoma biolojia sekondari ameshamchora kwenye daftari na miguu yake bandia, mkubwa kiasi kwamba mwenye macho mazuri anamwona bila hadubini, kidoti cheupe cha kama nusu milimita chini ya maji. Jeon hakuwa anatafuta asili ya chochote. Kazi yake ilikuwa kuhamisha viini, anatoa kiini cha amiba huyu anakiingiza kwa yule, afu anaangalia nani anaamua nini ndani ya seli. Sasa alipowaweka hao wagonjwa chini ya hadubini akakuta wamejaa vijiti vidogo vidogo, bakteria, na hesabu ikaja kati ya 60,000 na 150,000 ndani ya amiba mmoja.

Nataka tukae na kisa hiki kwa kirefu kwa sababu watu wakielezwa jinsi seli changamano zilivyotokea kwenye seli rahisi, mara nyingi wanapewa hadithi ya makubaliano. Kwamba hapo zamani seli moja ilimmeza bakteria, haikummeng'enya, bakteria akatoa nishati, seli ikatoa makazi, na huyo bakteria ndo leo tunamwita mitokondria. Matokeo ya mwisho ni kweli kabisa, mitokondria ilitokana na bakteria, hilo halina ubishi tena. Ila hiyo hadithi inaruka sehemu ngumu kuliko zote, yani pale katikati, kutoka kuwa mgeni anayekuumiza mpaka kuwa kitu ambacho ukikitoa unakufa. Tunasema tu "wakazoeana" halafu tunaendelea. Kwa maoni yangu amiba wa Jeon ndo rekodi safi kuliko zote tulizonazo ya hicho kipande kinachorukwa, na wanaonyesha kitu ambacho wengi hawakitegemei: unaweza kufika kwenye kumtegemea mtu bila yeye kukuletea faida yoyote inayoonekana. Kinachokufunga ni vile vitu ulivyoacha kufanya mwenyewe.

Kabla ya kuendelea tuweke msingi kidogo. Seli za duniani zipo za namna mbili. Kuna bakteria na arkea, hawa ni wadogo, DNA yao imekaa tu humo ndani bila chumba chake. Halafu kuna sisi wengine wote, watu, miembe, uyoga, amiba, hata kimelea cha malaria, seli zetu ni kubwa, DNA imefungiwa kwenye kiini chenye utando, kuna vyumba vya kazi mbalimbali na kuna mitokondria za kutoa nishati. Dunia ilikaa na wale wa kwanza peke yao kwa karibu miaka bilioni mbili kabla mabaki ya seli za aina yetu hayajaanza kuonekana kwenye miamba. Na mitokondria mpaka leo imebeba alama za ilikotoka, ina DNA yake ya duara, kwa binadamu ni herufi 16,569 zenye jeni 37, ilisomwa yote mwaka 1981, na vile viwanda vyake vya kutengeneza protini vina sura ya kibakteria. Hili la mwisho sio la kwenye karatasi tu. Kloramfenikoli, ile ambayo wengi wetu tunaijua kama dawa ya macho, inazuia bakteria kukua kwa kuziba viwanda vyao vya protini, na ikimezwa kwa dozi kubwa inaweza kudhoofisha utengenezaji wa damu kwenye uboho kwa sababu inazigusa na mitokondria zetu. Dawa inaona undugu ambao sisi kwa macho hatuuoni.

Wazo la kwamba hivi vitu zamani vilikuwa bakteria huru lina umri mkubwa, Mrusi Konstantin Mereschkowsky alilisema mwaka 1905 kuhusu kloroplasti za mimea, vile viungo vya kijani vinavyotengeneza chakula kwa mwanga wa jua, na Mmarekani Ivan Wallin akalisema miaka ya 1920 kuhusu mitokondria, wote wakapuuzwa. Lynn Margulis, wakati huo akitumia jina la Lynn Sagan, ndo alilirudisha kwa nguvu kwenye makala yake ya 1967 baada ya majarida kama kumi na tano kuikataa. Na mwaka huo huo wa 1967 Jeon na mwenzake Joan Lorch wakatoa taarifa yao ya kwanza kuhusu amiba wagonjwa. Mmoja anasema jambo hili lilitokea mabilioni ya miaka nyuma, wengine wana vyombo vya maji mezani ambamo kitu cha namna hiyo kinaanza upya, na hakuna kati yao aliyekuwa anaifuata kazi ya mwenzake.

Turudi Buffalo. Amiba wengi wa aina ile aliyoiita D walikufa. Waliobaki walikuwa hoi, wadogo kuliko kawaida, wanakua polepole, ukiwachelewesha chakula kidogo tu wanakufa wakati amiba mzima anavumilia njaa muda mrefu. Chakula chenyewe maabara ni viumbe vingine vya seli moja vinavyoitwa Tetrahymena. Mtu mwingine angemwaga vyombo vyote, angechemsha vyombo vyake, angeanza upya na amiba safi, na hakuna ambaye angemlaumu, maana kuchafuka kwa vyombo ni jambo la kila siku kwa anayefuga vijidudu. Jeon hakumwaga. Aliwaweka pembeni amiba wazima kama kipimo, akaendelea kuwalisha wale wagonjwa, anachagua waliosalimika, wanagawanyika, anawalisha tena, kwa miaka. Hao akawaita xD, yani D wenye X, na bakteria wenyewe akawaita bakteria X kwa vile hakuna aliyejua ni nani na wametokea wapi. Mimi namheshimu sana kwa hilo, uamuzi wa kutokumwaga maji.

Taratibu mambo yakatulia. Idadi ya bakteria ikashuka ikasimama kwenye wastani wa kama 42,000 kwa amiba mmoja, na amiba wakarudi kugawanyika karibu na kasi ya kawaida. Ukimwangalia xD wa miaka ya mwanzoni mwa 1970 unaona amiba mwenye afya anaetembea na bakteria makumi elfu tumboni. Hapo mtu anaweza kusema basi, ugonjwa umekwisha makali, wameelewana. Lakini Jeon alikuwa na ufundi mkononi ambao watu wachache sana duniani walikuwa nao, na ndo uliomruhusu kuuliza swali la pili: je, bado ni amiba walewale?

Ufundi wenyewe ni huu. Unawaweka amiba wawili bega kwa bega kwenye kioo, chini ya hadubini, unashika sindano ya kioo nyembamba iliyofungwa kwenye mashine inayopunguza mwendo wa mkono wako mara nyingi. Wa kwanza unamtoa kiini chake, anabaki ute mtupu, anatambaa hovyo lakini hawezi kugawanyika na siku zake zinahesabika. Wa pili unamkaribisha mpaka utando wake ugusane na wa kwanza, halafu kwa ncha butu ya sindano unakisukuma kiini chake, kinatoboa tando mbili na kupita moja kwa moja kutoka seli moja kwenda nyingine bila kugusa maji ya nje. Ukikosea mpasuko ukawa mkubwa, ute unamwagika na kazi imeisha. Ukifanikiwa amiba anajifunga kidonda chake, na baada ya muda anaanza kula na kugawanyika kana kwamba hicho kiini ni chake tangu zamani. Timu hiyohiyo mwaka 1970 iliwahi hata kuunganisha amiba mzima kutoka vipande vya amiba tofauti, utando wa huyu, ute wa yule, kiini cha mwingine, na akaishi.

Sasa fikiria anawafanyia hivyo D na xD. Kiini cha D akikitia kwenye ute wa D, anaishi, sawa. Kiini cha xD kwenye ute wa xD, anaishi, na hilo nalo halishangazi mtu. Kiini cha D akikitia kwenye ute wa xD wenye bakteria, bado anaweza kuishi. Ila kiini cha xD akikitia kwenye ute safi wa D, ute ambao hauna ugonjwa, ute ambao mababu wa kiini hichohicho waliishi ndani yake raha mustarehe miaka michache tu nyuma, karibu wote wanakufa. Na kabla hawajafa, ukichukua bakteria X ukawachoma kwa sindano ndani ya hao wanaokufa, wanafufuka wanaendelea kuishi.

Soma hapo mara mbili. Kilichowaua ni kukosekana kwa vimelea. Miaka michache nyuma kuwepo kwao ndo kulikokuwa kunaua. Na jaribio limepangwa kwa namna ambayo huwezi kusema shida iko kwenye ute, manake ute wa D ni mzima na kiini cha D kinaishi humo. Kilichobadilika ni kiini, pale DNA ya mwenyeji mwenyewe ilipo. Kiini kimezoea kuendesha seli yenye bakteria na hakiwezi tena kuendesha seli isiyonao. Hayo yalichapishwa mwaka 1972, na mwaka 1976 akaandika wazi kwamba bakteria hawa wamekuwa sehemu ya lazima ya ute wa seli.

Ushahidi mwingine haukuhitaji hata sindano. Ukiwapandishia joto kidogo tu, kama nyuzi 26 na nusu hivi, joto ambalo amiba D analimudu, bakteria X wanaharibika na amiba xD anakufa nao. Ukimpa xD antibayotiki, ile kloramfenikoli tuliyoitaja, anakufa pia. Ni dawa ya kumponya maambukizi na inamuua.

Hii mantiki ya kuua mwenyeji kwa kuua mgeni wake sisi wa pwani inatuhusu moja kwa moja. Minyoo ya matende na mabusha, Wuchereria bancrofti, nayo ina bakteria ndani yake wanaoitwa Wolbachia, na minyoo hiyo imefika mahali haiwezi kuzaa wala kuishi vizuri bila wao. Kwa hiyo kuna watafiti walijaribu kuwapa wagonjwa doksisaiklini, antibayotiki ya kawaida isiyomgusa mnyoo mwenyewe, na jaribio moja maarufu lililochapishwa mwaka 2005 lilifanyika kwetu Tanzania, kwenye kijiji kimoja cha wilaya ya Pangani, miligramu 200 kwa siku kwa wiki nane. Baada ya miezi 14 wengi wa waliomeza dawa hawakuonekana tena na minyoo hai wakipimwa kwa ultrasaundi, wakati waliomeza vidonge visivyo na dawa wengi bado walikuwa nayo. Dozi ndefu hivyo haigawiki kijiji kizima kama dawa za kampeni, na wajawazito na watoto wadogo hawapewi, kwa hiyo haijachukua nafasi ya kugawa dawa kwa wote. Lakini ukimweka mnyoo wa Pangani na amiba wa Buffalo pamoja unaona kitu kilekile, utegemezi uliozidi kiwango unageuka kuwa sehemu dhaifu ya kumpigia.

Haya sasa, utegemezi wenyewe uliingiaje? Hapa ndo penye utamu kwa mtu anayetaka kuelewa asili ya seli.

Jambo la kwanza ni kwamba bakteria X hawakuingia kwa kualikwa. Kawaida amiba akimeza kitu anakifungia kwenye kifuko, halafu vifuko vingine vyenye vimeng'enya, laisosomu, vinakuja kuungana na hicho na chakula kinayeyushwa. Bakteria X wakimezwa wanakaa kwenye kifuko chao lakini laisosomu haziungani nacho, kuna kitu wanafanya kinachozuia ule muungano, kwa hiyo wanagawanyika humo ndani salama. Hiyo ni tabia ya vimelea kabisa. Na baadae walipokuja kupimwa jeni zao ikaonekana ni ndugu wa Legionella, bakteria anayesababisha nimonia mbaya aliyejulikana baada ya mkutano wa wanajeshi wastaafu pale Philadelphia mwaka 1976, na Legionella kwa asili anaishi ndani ya amiba wa majini, mapafu ya binadamu kwake ni bahati mbaya tu. Mwaka 2004 bakteria X wakapewa jina la heshima, Legionella jeonii, jina la aliyekataa kuwamwaga. Kwa hiyo tuache kumpamba mgeni. Alikuwa mshambuliaji aliyeshindwa kumaliza kazi.

Jambo la pili ni kasi. Jeon alichukua amiba D wazima akawaambukiza bakteria X makusudi, na ikachukua kama vizazi 200 vya amiba, miezi 18 hivi, mpaka wakawa hawawezi kuishi bila bakteria. Miezi 18. Tunapozungumzia mageuzi watu wanawaza mamilioni ya miaka, na kwa mambo mengi ndivyo ilivyo, ila hatua hii mahususi ya kutoka kumvumilia mgeni mpaka kumhitaji ilipita haraka kiasi kwamba mtu mmoja angeweza kuianza na kuimaliza kabla hajamaliza hata shahada yake.

Jambo la tatu ni jeni, na hapa inabidi kwenda polepole kwa sababu maelezo ya mwanzo yaliongezewa baadae. Kila seli inahitaji molekuli moja inaitwa SAM, inatumika kubandika vikundi vidogo vya kaboni kwenye DNA, protini na vitu vingine, kazi ambayo haiwezi kusimama hata siku moja. Amiba D anaitengeneza mwenyewe kwa kutumia jeni yake. Mwaka 1997 kundi la Jeon likaonyesha kwamba kwa xD jeni hiyo imenyamaza, haisomwi tena, na hata bakteria wakiondolewa hairudi kuwaka. Wakati huo bakteria X wenyewe wana jeni yao ya kutengeneza SAM. Picha iliyokuja ilikuwa nyepesi, mwenyeji ameacha kupika kwa vile mgeni anapika. Kisha mwaka 2004 ikaonekana amiba ana jeni ya pili ya kazi hiyohiyo, na maambukizi yanafanya seli ihame kutoka jeni ya kwanza kwenda ya pili ndani ya wiki chache tu, na uwezo wa seli wa kutengeneza SAM unabaki kama nusu ya ule wa D. Kwa hiyo sio kwamba amiba amepoteza kila kitu, amebaki na njia dhaifu zaidi, na SAM peke yake haimalizi maelezo yote ya kwanini anakufa. Lakini mwelekeo uko wazi. Mgeni ameingia, na mwenyeji amebadilisha namna anavyotumia jeni zake, amefunga mlango ambao hajui kuufungua tena.

Na hakuna mahali kwenye mlolongo huo ambapo unahitaji kusema bakteria walimsaidia amiba. xD hakuwa bora kuliko D, hakukua haraka zaidi wala hakuvumilia njaa zaidi, kinyume chake alibaki na madhaifu kadhaa kama hilo la joto. Kilichotokea ni kwamba bakteria wapo kila kizazi bila kukosa, seli ikagawanyika nao wanagawanyika wanaenda pande zote mbili, na mabadiliko yoyote kwenye kiini ambayo yangemuua amiba asiye na bakteria sasa hayamuui, kwa sababu hakuna tena amiba asiye na bakteria kwenye kile chombo. Yanapita kimyakimya, yanarundikana. Kurudi nyuma kungehitaji yote yarekebishwe kwa wakati mmoja, kwenda mbele hakuhitaji chochote. Upande wa bakteria nao vilevile, watu hawajaweza kuwaotesha bakteria X nje ya amiba. Wote wawili wamepoteza njia ya kutokea.

Nadhani mwalimu yeyote anayefundisha asili ya mitokondria angeanza na hapa kabla ya kuzungumzia nishati. Nishati ni kweli mitokondria inatoa na ni nyingi, ila hilo linatueleza kwanini ushirika uliofanikiwa ulikuja kutawala dunia, halituelezi ulifungwaje siku za mwanzo kabla hakuna faida ya kuonyesha. Bakteria anayetengeneza nishati anaitumia mwenyewe, hana sababu ya kuitoa nje kumpa mwenyeji, na protini zile zinazovusha nishati kutoka mitokondria kwenda kwenye ute wa seli ni za upande wa mwenyeji, ziliongezwa baadae. Mfungo ulitangulia, biashara ikafuata.

Hata hivyo kuna mipaka ambayo lazima isemwe, maana kisa hiki wakati mwingine kinatumika kana kwamba Jeon aliona mitokondria ikizaliwa. Hapana.

Mpaka wa kwanza ni mwenyeji. Amiba tayari ni seli changamano, ana kiini, ana mitokondria zake, anajua kumeza vitu. Yule wa mwanzo kabisa aliyempokea babu wa mitokondria hakuwa hivyo, alikuwa arkea, na arkea hamezi. Kuhusu huyo tumepata mwanga juzijuzi tu. Mwaka 2015 timu ya Thijs Ettema wa Uppsala, Uswidi, ilisoma DNA kutoka kwenye tope la chini ya bahari kati ya Greenland na Norway, karibu na chemchemi za moto zinazoitwa Ngome ya Loki, zaidi ya mita 3,000 chini, wakakuta arkea wenye jeni ambazo tulidhani ni za seli changamano peke yake, zikiwemo za kujenga mifupa ya ndani ya seli na za kukunja na kukata utando. Wakamwita Loki, na ndugu zake waliofuata wakapewa majina ya miungu wengine wa Skandinavia. Halafu Wajapani wakiongozwa na Hiroyuki Imachi wakatangaza 2019 na kuchapisha rasmi 2020 kwamba wamemwotesha mmoja wao akiwa hai, kutoka tope waliloliopoa mwaka 2006 kwenye kina cha mita 2,533. Walitumia zaidi ya siku 2,000 kumlea kwenye mtambo wa sponji uliokuwa unalishwa methani, na hata baada ya hapo anagawanyika mara moja kwa siku 14 mpaka 25. Ni mdogo mno, kama nanomita 550, hana kiini hana chumba chochote ndani, ila ana mikono mirefu yenye matawi inayotoka nje. Na haishi peke yake, anaishi na kijidudu kingine kinachokula haidrojeni anayoitoa. Imachi na wenzake wakapendekeza kwamba babu yetu hakummeza bakteria, alimzungushia mikono jirani aliyekuwa anabadilishana nae chakula mpaka akajikuta yuko ndani.

Kwa hiyo kisa cha Jeon hakijibu mgeni alivyoingia. Arkea wa Imachi anagusa hilo. Jeon anajibu kilichofuata baada ya kuingia, na nadhani majibu mawili yanakaa pamoja bila kugombana, ila mtu asichukue moja akalifanya jibu la yote.

Mpaka wa pili ni umbali uliobaki. Mitokondria ya binadamu inatumia protini zaidi ya elfu moja na yenyewe inatengeneza 13 tu, zilizobaki jeni zake zilishahamia kwenye kiini cha seli, zinatengenezwa nje kwenye ute halafu zinaingizwa ndani kupitia milango maalumu kwenye utando. Hapo ndo wataalamu wengi wanapochora mstari kati ya bakteria anayeishi ndani yako na kiungo cha seli yako. Bakteria X hawajavuka mstari huo. Wana DNA yao, viwanda vyao, kifuko chao, na amiba hawaendeshi kwa protini alizowatumia.

Aliyevuka karibuni tunamjua. Mwaka 1998 Jonathan Zehr wa Santa Cruz, California, alikuta kipande cha DNA kwenye maji ya bahari ya Pasifiki, cha bakteria asiyejulikana anayeweza kuchukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza mbolea. Mwenyeji wake alikuja kujulikana ni mwani mdogo wa seli moja, Braarudosphaera bigelowii, na Kyoko Hagino wa Japani akatumia zaidi ya miaka kumi kujaribu kuuotesha maabara mpaka ukakubali. Mwaka 2024 ndo ikaonyeshwa kwamba huyo bakteria anagawanyika kwa zamu na seli ya mwani na anapokea protini zilizotengenezwa na mwani kutoka nje. Akapewa jina la kiungo, naitroplasti, na ushirika wao unakadiriwa kuwa na kama miaka milioni 100.

Weka namba hizo mbili mezani. Miezi 18 kufikia mahali ambapo huwezi kuishi bila mgeni, na kitu cha makumi ya mamilioni ya miaka mpaka mgeni awe kiungo cha kweli kinacholishwa protini za mwenyeji. Jeni kuhamia kwenye kiini ni ajali inayotokea mara mojamoja, milango ya kuingizia protini inajengwa kipande kwa kipande, na yote hayo yanahitaji bakteria awepo pale kizazi baada ya kizazi bila kukosa hata kimoja. Kinachomhakikishia kuwepo muda wote huo ni kwamba mwenyeji akimpoteza anakufa, kwa hiyo ukoo wowote unaojaribu kuachana nae unafutika siku hiyohiyo na wanaobaki ni wale walio nae. xD wa Jeon walishafika hapo.